Mwaka na nusu bila TV hapa Uingereza: tulichokikimbia na tulichokikosa

Binti Pangani (mwanzisha uzi)

Wadau, habari za jioni. Humu wengine tuko Uingereza na wengine mko nyumbani, kwa hiyo nitaeleza taratibu ili tusiachane njiani. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Aprili 2024 tulitoa TV sebuleni. Haikuwa mbovu. Ilikuwa ya inchi 50, imetundikwa ukutani, na jioni moja mume wangu alifungua skrubu nne, tukaibeba wawili mpaka kwenye kibanda cha bustani, watoto wametufuata nyuma kimya kama watu wa msibani. Ukutani ukabaki mstatili wenye rangi mpya kuliko ukuta mwingine, na vitundu vinne. Wiki ya kwanza mwanangu mdogo, wakati huo ana miaka 5, alikuwa akirudi shule anakaa kwenye kochi palepale pake anautazama ule mstatili.

Sababu niwaambie. Mimi nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kwenye ukumbi wao TV inawashwa asubuhi na inazimwa tukiwapeleka kulala. Siku moja naingia kazini nikawakuta wazee tisa wameizunguka, na hakuna hata mmoja anayetazama. Wengine wamelala shingo zimeinama, mmoja anachezea kifungo cha sweta, na kwenye skrini watu wanashindania pesa na kupigiwa makofi. Asubuhi nikarudi kwangu. Nafungua mlango, TV imewashwa, watoto wanakula macho yako kwenye skrini, baba yao anatafuta funguo, hakuna anayemsemesha mwenzake. Nilisimama pale mlangoni na koti langu, nikaona ni ukumbi uleule, tofauti ni umri tu.

La pili ni Kiswahili. Binti yangu ana miaka 9. Nikimwuliza kwa Kiswahili alikuwa ananijibu Kiingereza, tena kile cha kwenye vipindi, na mikono anairusha kama wao. Nikasema hapana.

Kwa mlioko nyumbani: huku kutazama TV kuna leseni ya kila mwaka. Mwezi ule tulioacha ilipanda kutoka pauni 159 hadi 169.50, na Aprili 2025 ikafika 174.50. Hela hiyo inakwenda BBC, ndiyo maana BBC ya hapa haina tangazo la sabuni wala la bima. Unaihitaji ukitazama matangazo ya moja kwa moja ya chaneli yoyote, hata isiyo ya BBC, hata kwenye simu. Tangu Septemba 2016 unaihitaji pia kwa iPlayer, huduma ya BBC ya kutazama vipindi mtandaoni, hata ukitazama kipindi cha juzi. Filamu za Netflix na video za kawaida za YouTube haziihitaji. Redio nayo haina leseni tangu 1971. Ukitazama bila leseni ni kosa la jinai na faini inaweza kufika pauni 1,000. Sisi tulijaza tamko la kwamba hatuihitaji tena, tukarudishiwa hela ya miezi iliyobaki.

Mwezi wa kwanza ulikuwa mtamu. Binti alianza kukaa jikoni nami, akajua kusukuma chapati, akaanza kuuliza ukwaju ni nini, kusi ni nini, kwa nini bibi anasema "hewallah". Nilikuwa nawaambia wenzangu kazini kwamba TV ya Waingereza ni takataka tupu na tumeitupa.

Mwezi wa pili ikaingia tableti. Hatukuinunua sisi, aliwaletea mjomba wao. Jumapili moja nikakaa pembeni ya mwanangu nione anatazama nini. Mtu mzima, uso hauonekani, mikono tu, anabandua mayai ya plastiki na kutoa vikaragosi ndani yake. Yai la kwanza, la pili, la kumi. Hakuna hadithi, hakuna neno la maana, na likiisha moja video nyingine inajileta yenyewe. Nilitazama saa: dakika arobaini, na mtoto hajapepesa.

Hapo nikakumbuka CBeebies, chaneli ya BBC ya watoto wadogo. Kabla hatujatoa TV, kila siku saa 12 na dakika 50 jioni mtu mmoja alikuwa anakaa kwenye kiti na kitabu, anawasomea watoto hadithi polepole. Hadithi ikiisha wanaaga, na saa moja kamili chaneli yenyewe inafungwa. Mtoto anaelewa kwamba siku imekwisha. Miaka yote ile sikuwahi kufikiri kwamba kuna watu wamekaa mezani wakajadiliana mtoto wa miaka minne alale saa ngapi, na wakakubali kupoteza watazamaji kwa sababu hiyo. Mwenye tableti hana sababu ya kumwambia mwanangu akalale.

Kwa hiyo wadau, hili ndilo lililonileta. Tuliikimbia TV isiyozimwa, tukatupa pamoja nayo kile kitu pekee kilichokuwa kinajizima chenyewe. Nataka tujadili: utangazaji wa Waingereza bado una ubora, au tunaishi kwa sifa za zamani? Wanaoishi huku na mliowahi kuishi, karibuni.

Kijana wa Croydon

Dada, heshima yako. Mimi nimezaliwa hapa, sijawahi kuwa na leseni na sioni kwa nini niwe nayo. Hiyo BBC mnayoisifia ndiyo iliyomlea Jimmy Savile miaka na miaka, mtangazaji wao aliyekuwa akinajisi watoto. Amekufa 2011, Newsnight, kipindi cha habari cha BBC, wakawa na habari yake mkononi wakaiacha, badala yake BBC wakarusha vipindi vya kumkumbuka. Ndiyo iliyopata mahojiano na Princess Diana mwaka 1995 kwa hati za kughushi za mwandishi wake Martin Bashir, na ikachukua mpaka Mei 2021 ripoti ya jaji mstaafu Lord Dyson kusema hadharani kilichotendeka. Mtangazaji wao wa mpira alikuwa analipwa zaidi ya pauni milioni 1.3 kwa mwaka kutoka mifuko ya watu kama mama yangu anayesafisha ofisi.

Na habari za Afrika? Mafuriko, njaa, mapinduzi, halafu tembo. Nikikaa na wazungu shuleni walikuwa wananiuliza kama kwetu kuna barabara. Walijifunza wapi? Kwenye TV.

Ubora kwangu ni kuchagua. Nalipia ninachotaka, nisichotaka silipii. Hakuna anayelazimishwa na sheria kununua gazeti asilolisoma.

Mzee wa Mvita

Wanangu, mimi ni mtu wa Mombasa, nimeingia nchi hii mwaka 1981 nikiwa kijana, sasa nimestaafu niko Milton Keynes. Niruhusuni niseme mrefu kidogo.

Tulikuwa na chaneli tatu, mbili za BBC na moja ya ITV, inayoishi kwa matangazo ya biashara. Ya nne, Channel 4, ikaja Novemba 1982. Usiku ukifika zinafungwa, watu wanalala. Chumba tulichopanga tulikuwa wanaume wanne, TV ndogo ya kukodi, na ubishi wa nani achague. Mwaka 1986 jioni moja nikamwona Profesa Ali Mazrui, mwana wa Mombasa, kwenye TV ya Kiingereza, anaieleza Afrika kwa mdomo wake mwenyewe. Sehemu tisa, BBC wameitengeneza pamoja na kituo cha WETA cha Washington. Anazungumzia urithi wa aina tatu: wa asili, wa Kiislamu na wa Magharibi. Sisi wanne hatukubishana jioni ile. Kulikuwa na mwenye nyumba, mama wa Kiingereza, alikuja kusimama mlangoni na kikombe chake, akatazama mpaka mwisho, kisha akauliza kama yule bwana ni wa kwetu. Tukamwambia naam, ni wa kwetu.

Na hiyo haikuwa mara yake ya kwanza. Mwaka 1979 Mazrui ndiye aliyetoa mihadhara ya Reith redioni. Mihadhara hii ilianza 1948, aliyeifungua ni mwanafalsafa Bertrand Russell, na imepewa jina la John Reith, mkurugenzi mkuu wa kwanza wa BBC, yule aliyesema kazi ya redio ni kuhabarisha, kuelimisha na kuburudisha. Ona mpango wa maneno: kuburudisha ni la tatu. Mihadhara sita, Mwafrika anawaambia Waingereza ndani ya nyumba zao juu ya hali ya Afrika na wao walivyohusika. Kijana wa Croydon, nambie ni mfanyabiashara gani wa matangazo angelipia saa ile.

Usidhani nasema BBC ni malaika. Uliyoyasema ya Savile ni kweli, nami nilikuwa na watoto waliokuwa wakimwandikia barua. Lakini waliomfichua kwenye skrini ni akina nani? ITV, Oktoba 2012. Na mwezi uleule Panorama, kipindi cha uchunguzi cha BBC, kikaichunguza BBC yenyewe mbele ya taifa. Mimi nimeishi chini ya redio ya serikali moja na chama kimoja. Sijawahi kusikia chombo kinajishtaki.

Ubora ulipoanza kushuka naujua mwaka wake. Ni 1990, sheria mpya ya utangazaji. Leseni za kampuni za kurusha ITV mikoani zikapigwa mnada, watu wanaweka bei kwenye bahasha. Kampuni ya Thames, waliokuwa wakitangazia London siku za kazi na waliokuwa wakitengeneza vipindi vikubwa, mwaka 1991 wakashindwa na kampuni ya Carlton. Ukishalipa mamilioni kupata leseni, hela ya kumtuma mwandishi akae miezi sita akichunguza jambo unaitoa wapi? Kisha 1992 mpira wa ligi ukahamia Sky, chaneli za kulipia. Mpaka leo mimi sina Sky.

Bi Unguja

Assalamu alaykum. Mie niko Slough miaka ishirini na mbili. Binti Pangani nimekuelewa vizuri, hasa hilo la ukumbi wa wazee, limenigusa.

Sisi Zanzibar tulikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzo wa miaka ya 70, bara hakuna kitu mpaka miaka ya 90. Nilikuwa mdogo, tunakwenda kuangalia mtaani, watu wazima kwa watoto, mkeka umetandikwa. Kwa hiyo mie TV siioni kuwa adui. Siku zile tulitazama pamoja na ikizimwa tunaizungumza njia nzima kurudi nyumbani.

Lakini wanaume mnazungumza mihadhara na bahasha, mmesahau jambo linalotupata wanawake. Wanaoshtakiwa kwa kukosa leseni ya TV nchi hii, karibu robo tatu ni wanawake. Sababu ni nyepesi kuielewa: mkaguzi akigonga mchana nani yuko nyumbani? Mama mwenye watoto. Anafungua mlango, anaulizwa maswali, anajibu, jina linaandikwa ni lake, hata kama TV kanunua mume. Kesi zinaamuliwa na hakimu mmoja kwa karatasi, barua ikikupita hujui hata kama umehukumiwa. Nimemsindikiza jirani yangu kwenye jambo hili, mama wa watoto watatu, Kiingereza hakimkai vizuri, barua kaziweka kwenye droo bila kufungua kwa woga.

Dada zangu mnaosoma: mkaguzi hana ruhusa ya kuingia ndani bila wewe kumkubalia, labda awe na hati ya mahakama. Kama huitumii TV, jaza tamko kama alivyofanya mwanzisha uzi. Kama unaitumia, lipa kidogo kidogo, mpango wa wiki au mwezi upo. Na wazee wenu waliopita miaka 75, ile bure ya zamani iliisha Agosti 2020, sasa ni kwa wanaopata nyongeza ya pensheni ya serikali tu. Waangalieni.

Ubora upo, nakubali. Ila namna ya kuulipia inamwangukia asiyekuwa na kitu.

Binti Pangani

Bi Unguja, ahsante sana kwa hilo, nimelinakili niwapelekee wenzangu kazini.

Kijana wa Croydon, sikubishii yote. Niongeze moja la kukusaidia kisha moja la kukupinga. La kukusaidia: vile vipindi vilivyokuwa vinawabana viongozi wetu wa Afrika kwa maswali vinakatwa. HARDtalk, kipindi cha mahojiano cha BBC kilichoanza 1997, kilifungwa Machi 2025. Newsnight tangu Mei 2024 ni nusu saa na wachunguzi wake wameondolewa. Kwa hiyo tukisema ubora unashuka, si maneno ya wazee.

La kukupinga. Mwaka 2018 ilisambaa video ya askari wanawaua wanawake wawili na watoto wao wadogo. Serikali ya Cameroon ikasema ni habari ya uongo, si kwao. BBC Africa Eye, kitengo chao cha uchunguzi wa habari za Afrika, wakaichukua ile video wakaichambua kipande kwa kipande. Umbo la milima nyuma ya watu wakalilinganisha na picha za satelaiti mpaka wakapata mahali, karibu na kijiji kimoja Kaskazini ya Mbali ya Cameroon. Vivuli vya askari barabarani wakavipima kama saa ya jua kujua ni wakati gani wa mwaka. Nyumba zilizoonekana wakaangalia zilijengwa lini na kubomolewa lini. Wakataja mpaka majina ya askari. Mwaka 2020 wanne wakahukumiwa miaka kumi. Niliitazama nikiwa mapumziko kazini, kwenye simu, na ninaikumbuka kuliko filamu yoyote. Hiyo nayo ni habari ya Afrika kutoka BBC, na haikuwa na tembo.

Mzee wa Mvita, hilo la ITV na mnada sikulijua, lakini limenifumbua jambo jingine kwenye vipindi vya watoto. Mwaka 2006 mamlaka ya utangazaji, Ofcom, iliamua kuzuia matangazo ya vyakula vya mafuta na sukari nyingi kwenye vipindi vya watoto. Uamuzi mzuri, mimi kama mama nauunga mkono. Ila hela ilipokauka, ITV wakaacha taratibu kutengeneza vipindi vya watoto, na 2023 chaneli yao ya watoto ikafungwa kabisa. Watoto waliobaki na BBC wakabaki na BBC, wengine wakaenda kwa yule mtu wa mayai ya plastiki. Na huko kwenye mayai kila sekunde ni tangazo, ila halijiiti tangazo.

Na ITV wakitaka wanaweza. Januari 2024, miezi mitatu kabla ya kutoa TV, tulikaa mimi na mume wangu usiku nne mfululizo kutazama tamthilia ya ITV kuhusu wenye vituo vidogo vya posta, wale walioshtakiwa wizi kumbe kosa ni la mfumo wa kompyuta wa Horizon. Zaidi ya watu 900 walipatikana na hatia. Jarida la Computer Weekly lilikuwa limeandika tangu 2009, Panorama imeonyesha 2015, wabunge wanajua. Hakuna kilichotokea cha kutosha. Baada ya zile siku nne nchi nzima ikaamka, na Mei mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu zile. Mume wangu alilia kwa yule mzee aliyekuwa anahesabu pesa usiku na hesabu inakataa. Na ITV wenyewe walisema tamthilia ile iliwatia hasara. Hapo ndipo ninapopaogopa: kitu bora kuliko vyote walichoonyesha miaka hii hakikuwalipa.

Mdau wa Sinza

Mko vizuri wakuu, nafuatilia uzi kutoka Dar. Nina swali la mtu wa mbali. Mimi kila asubuhi kwenye daladala nasoma BBC Swahili kwenye simu. Silipi hata senti. Mzee wangu alikuwa anaisikiliza tangu ujana wake. Nani anailipia? Kama ni hiyo leseni, basi dada Binti Pangani umetukatia sisi, siyo BBC ya London tu.

Binti Pangani

Mdau, umenishika pabaya, na nimekaa na swali lako siku mbili kabla ya kujibu.

Idhaa ya Kiswahili ilianza Juni 1957. Kwa miaka mingi idhaa zote za dunia zililipiwa na wizara ya mambo ya nje ya Uingereza, maana walizihesabu kuwa kazi ya nchi nje. Aprili 2014 mzigo ukahamishiwa kwenye leseni ya TV, na serikali inaongeza ruzuku. Kwa hiyo ndiyo, sehemu ya kile unachosoma kwenye daladala kinalipiwa na mama wa Leicester na mzee wa Mvita hapa, na kilikuwa kinalipiwa na mimi.

Baba yangu alikuwa mvuvi Pangani. Alikuwa na redio ya National, kifuniko cha betri kimepotea, zimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Ilikaa dirishani na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Jioni akishatandaza nyavu anaiweka begani karibu na sikio, anatafuta BBC, na sauti inakuja na kuondoka kama mawimbi. Ikisema "hapa London" sote tunanyamaza, hata mama na mwiko wake. Alijua majina ya mawaziri wa nchi ambazo hakuzijua ziko wapi. Hakuwahi kulipa chochote, na hakuna aliyemwambia achague anachotaka kusikia. Angechagua angechagua taarabu tu, nadhani. Kwa nilivyomjua.

Ndiyo maana hoja ya Kijana wa Croydon ya kulipia unachotaka inanipa tabu. Hadithi ya saa 12 na dakika 50 mtoto haombi. Habari ya Cameroon hakuna aliyeiagiza. Vitu hivi vipo kwa sababu fedha ilikusanywa kabla ya kuulizwa nani anavitaka.

Kijana wa Croydon

Dada, hiyo ya redio ya mzee imenifikia. Babu yangu mzaa mama naye ana yake, Moshi, mpaka leo.

Nasimama palepale kwenye kumshtaki mtu mahakamani kwa kutazama TV. Alichosema Bi Unguja ndicho hichohicho nilichotaka kusema, yeye kakisema vizuri zaidi. Mkataba wa kifalme, ule unaoiruhusu BBC kufanya kazi, unaisha Desemba 31, 2027. Waweke mchango kwenye kodi, kila mtu kwa uwezo wake, au kwa thamani ya nyumba. Tajiri wa Chelsea na mama yangu wanalipa leseni ya bei ileile, hiyo ndiyo inayoniudhi kuliko Savile.

Africa Eye nimeitafuta jana. Ipo bure YouTube. Nimetazama tatu.

Mzee wa Mvita

Kijana, hapo tumekutana. Mimi pia nataka aliyenacho alipe zaidi. Ninachoogopa kuiweka kwenye kodi ni kwamba waziri wa fedha atashika koo. Leseni ina ubaya wake, lakini haipiti moja kwa moja mkononi mwa waziri kila bajeti, ingawa bei yake serikali ndiyo inaipanga. Kwetu tuliona redio inayolipwa na hazina inavyosoma habari: mtukufu kafungua, mtukufu kakagua, mtukufu kasema.

Binti, hao wazee wako kazini bado wanakaa na TV yao?

Binti Pangani

Shikamoo mzee. Nashukuru umeuliza.

Yupo bibi mmoja wa miaka 91, jina siwezi kulitaja. Halali usiku. Aliwahi kuniambia siku ya kutawazwa Malkia Elizabeth mwaka 1953 walijazana sebuleni kwa jirani mwenye TV pekee mtaani, skrini ndogo kama sahani, mapazia yamefungwa, na watoto wamekaa chini. Sasa TV haitaki, anasema wanaongea upesi. Anaomba redio. Saa sita na dakika 48 usiku Radio 4 ya BBC wanasoma utabiri wa bahari, wanazunguka kisiwa chote kwa majina ya sehemu za bahari: Viking, Forties, Cromarty, Tyne, Dogger, Fisher, German Bight. Upepo wa upande gani, nguvu ngapi, mvua, mwonekano wa mbali. Hakuna muziki nyuma, mtu mmoja anasoma taratibu kwa ajili ya wavuvi walioko gizani. Mara ya kwanza kusikia nilisimama na beseni la maji mkononi. Sikuwahi kufikiri kwamba Waingereza nao wana baba zao baharini wanaosomewa kusi na kaskazi. Bibi anafumba macho, ikifika Dover anakuwa ameshalala.

Hiyo haina leseni. Nyumbani pia tumeweka redio jikoni.

Kuhusu TV: tableti nimeificha, na tangu wiki iliyopita nimekuwa nikisoma hadithi mwenyewe saa 12 na dakika 50 siku ninazokuwa zamu ya kupumzika, Kiswahili, ndogo ndogo nilizosimuliwa na mama. Siku nikiwa kazini baba yao anajitahidi. Lakini mwanangu kaniuliza yule bwana wa kwenye kiti yuko wapi, na mume wangu anasema tulipie leseni, tutumie kompyuta mpakato, tufungue CBeebies dakika zile kumi na tuifunge, TV kubwa ibaki kibandani. Hatujaamua. Vile vitundu vinne ukutani bado hatujaviziba.

Bi Unguja

Yakhe, kabla hamjaamua: mkilipia, andikisheni jina la baba yao. Na hizo hadithi za mama yako zirekodi kwenye simu, sauti yako ndiyo iwe ya zamu siku haupo. Mie wangu wamekua, ningejua ningefanya hivyo.